Paa la Mama Tabitha

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua ya mawe imepiga Eldoret tangu saa saba, na sasa imebaki ile nyembamba isiyojua kukoma. Stima imepotea. Nimekaa dirishani nikiangalia maji yakipita uani, na sina pa kwenda.

Sipendi kufungiwa. Watu wa nyumbani kwangu wanajua. Hata mlango wa chumba ninamolala huwa siufungi kwa ufunguo. Wakiniuliza nasema ni tabia tu. Si tabia. Ilianza mwaka ule niliojitolea kujenga nyumba za watu, na leo nataka kuandika habari yake yote, pamoja na ile sehemu ninayoiruka kila ninaposimulia.

Kwanza nisahihishe neno. Sikujitolea. Nilitolewa.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, wakati taarifa ya habari ilianza na mahali Mtukufu Rais alipokwenda siku hiyo, na watu waliangalia nyuma kabla ya kusema jambo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo nyumbani kwetu Ahero. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja akaja mchungaji mgeni kutoka Eldoret, akaeleza mradi wao: vijana wanakaa nao mwaka mzima, bila mshahara, wakitengeneza na kujenga nyumba za wajane na wazee. Akaomba msaada. Mmoja akatoa kuku, mwingine gunia la mahindi. Baba akasimama, akarekebisha koti lake, akasema, "Mimi namtoa Akinyi. Mwaka mzima."

Watu wakapiga makofi. Mama akanigusa goti nisimame.

Nikasimama.

Eldoret ilinipokea kwa baridi ambayo sikuwahi kuijua. Sisi wasichana tulikuwa wawili, tukapewa chumba nyuma ya kanisa, vitanda vya chuma na blanketi moja moja. Mwezi wa pili mwenzangu akaugua kifua, akarudishwa kwao. Nikabaki peke yangu. Geti lilifungwa kwa kufuli saa kumi na mbili jioni. Kwenda mjini kununua hata sabuni kulihitaji barua iliyotiwa sahihi na mchungaji. Tulipewa chakula, buti za mpira, na nauli ya kwenda nyumbani siku ya likizo tu, si kabla.

Nilifikiria kutoroka. Nilifikiria kila siku. Lakini ningetoroka nifike kwa nani? Yule aliyenitoa ndiye angenifungulia mlango.

Tuligawanywa vikundi, na kiongozi wa kikundi chetu alikuwa Fundi Barnaba, seremala wa Turbo, mtu mzima mwenye penseli sikioni na maneno machache. Mwenzangu mwingine alikuwa Wekesa, kijana wa Webuye, mwenye nguvu kama ng'ombe wa kulima na moyo mwepesi. Mimi nilikuwa mwepesi wa mwili, kwa hiyo Fundi akanifundisha kupigilia mabati. Nilipenda juu ya paa. Huko tu ndiko nilikopata kuona mbali, na nilipokuwa upande wa Yamumbi niliweza kuona kipande cha barabara inayoelekea Kapsabet, ambayo ukiifuata mwishowe inashuka kwetu.

Yamumbi ndiko alikoishi Mama Tabitha.

Alikuwa mjane. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, na hakuwa na mtoto wa kiume. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na paa la nyasi lililooza mpaka magugu yakaota juu. Ndani, sufuria zilikuwa zimepangwa sakafuni kupokea maji, na alijua kuzunguka katikati yake bila kuangalia chini. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yetu tangu mwanzo. Tulipofika akatukaribisha vizuri, akatumiminia mursik, maziwa yao ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akangoja tumalize kunywa, ndipo akasema hataki.

"Asanteni. Nendeni kwa mwingine."

Fundi Barnaba hakuwa mtu wa kulazimisha. Akamshukuru, tukaenda kwa mwingine.

Sasa nafika kwenye ile sehemu.

Mwezi wa tano hivi, mchungaji alitangaza kwamba kikundi kitakachomaliza nyumba zote za orodha yake kitapewa likizo ya majuma mawili, pamoja na nauli. Sisi tulikuwa tumemaliza zote. Ilibaki moja tu, ya yule mama aliyekataa.

Nikaomba ruhusa ya kwenda kumtembelea. Nilikwenda kila alasiri, juma zima. Nilimsaidia kuchuma mboga, nilimshikia ndama akikamua. Aliniita Akini, akiimeza ile y, na alinicheka nilivyojikunja kwa baridi. Nilijiambia kwamba nampenda, na kweli nilianza kumpenda. Lakini usiku nilikuwa nahesabu siku za likizo.

Siku ya tano nikamuuliza, "Mama, unaogopa nini?"

Aliendelea kuchambua mboga za managu. Akaonyesha kwa kidevu boma la ng'ambo ya ua, la shemeji yake, Mzee Zakayo, ndugu wa marehemu mume wake.

"Ikivuja hivi, hakuna mtu anaitaka. Mkiweka mabati, ataiona. Ako na vijana wamefika kuoa."

"Lakini sisi ni kanisa, Mama. Nani atakugusa?"

Akaniangalia. "Umesema?"

"Nimesema."

"Basi leteni."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikumjua Mzee Zakayo, sikujua lolote kuhusu ile ardhi, wala jinsi mambo ya mjane yanavyoamuliwa mahali pale. Nilijua nauli tu.

Tulifanya kazi majuma matatu. Tulizungusha mabanzi mapya ya mbao ukutani, tukapiga plasta ya udongo na mchanga, tukashusha nyasi zile zilizooza na kupandisha mabati. Mvua ya kwanza ilipopiga juu yake, Mama Tabitha alisimama katikati ya nyumba akiangalia juu, mikono imelegea, kama mtu anayesikia akiitwa.

Siku mbili kabla hatujamaliza, Mzee Zakayo alivuka ua. Alitusalimia mmoja mmoja, akasifu kazi. Akapiga ukuta kwa kiganja, mara mbili, kama unavyopiga mgongo wa ng'ombe unayetaka kumnunua. Akamuuliza Fundi mabanzi kama yale hukaa miaka mingapi. Mama Tabitha aliingia ndani.

Niliona. Nilijifanya sikuona. Begi langu lilikuwa tayari limefungwa.

Likizo ilikuwa tamu. Nililala. Nilikula samaki wa mama mpaka nikatokwa jasho. Jumapili, Baba akanisimamisha kanisani nitoe ushuhuda, nikasimulia juu ya mjane aliyekuwa akilala kati ya sufuria na jinsi sasa anavyolala pakavu. Nilipigiwa makofi tena.

Niliporudi Eldoret, mchungaji akanituma Yamumbi kumwambia Mama Tabitha siku ya kufungua nyumba, maana kila nyumba ilifanyiwa maombi kabla ya kukabidhiwa rasmi. Nilifika nikaona mapazia ya maua madirishani. Msichana wa rika langu alikuwa akifagia uani. Akanisalimia kwa aibu, akasema yeye ni mke wa kijana wa Mzee Zakayo, wameoana juzi tu.

"Na Mama Tabitha?"

Akaelekeza ufagio kwenye kibanda cha ndama.

Mama alikuwa mle. Alikuwa amepanga vitu vyake upande mmoja, na ndama wamefungwa upande wa pili. Aligeuza ndoo akanikalisha, akachochea moto, akanipa chai. Akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya mahindi. Juma moja baada ya sisi kuondoka, Zakayo alikuja na vijana wake wakatoa vitu nje, wakaviweka kwenye nyasi. Alisema mwanamke mmoja bila kijana wa kiume hana kazi na nyumba kubwa namna ile.

"Kwa nini hukutuma mtu atuite?"

"Nimtume nani?" akasema. Halafu akaongeza, "Na angeenda kwa nani?"

Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Nilikunywa ile chai yote huku ndama akininusa mgongoni.

Fundi Barnaba aliposikia, alivaa koti lake la Jumapili, tukaenda wawili kwa naibu wa chifu wa sehemu ile. Ofisi ilikuwa na meza moja, picha ya Rais ukutani na benchi la wageni. Tulikaa benchini tangu asubuhi hadi saa nane. Tulipoingia, alitusikiliza akichezea kofia yake, halafu akamuuliza Fundi swali moja.

"Nyinyi watu wa kanisa, mlikuja kujenga au mlikuja kuchochea?"

Anayekumbuka siku zile anajua uzito wa neno hilo. Lilitosha kumpoteza mtu. Fundi akasema tulikuja kujenga, mzee. Naibu akasema basi mambo ya shamba tuyaachie wenye shamba, na tusionekane tena tukitembea boma kwa boma tukiuliza watu maswali.

Habari ilimfikia mchungaji kabla yetu. Alitungoja getini, uso umekauka. Alisema mradi mzima unaweza kufungwa kwa ajili yetu. Alitukataza kurudi kwa naibu wa chifu, na kutoka siku hiyo barua za kwenda mjini zikasimama. Alikuwa mtu mwema, mchungaji yule. Aliogopa tu, na alikuwa na sababu.

Nikamwandikia Baba. Nilimweleza kila kitu, isipokuwa kwamba nilifanya kwa ajili ya likizo. Nikamwomba aniite nyumbani. Jibu lake lilikuja baada ya siku kumi, mistari miwili kwa mwandiko wake ulionyooka: mwaka haujaisha, usinitie aibu.

Niliikunja ile barua ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikukunjika tena.

Nikakaa. Nilikuwa nimefungwa na mtu aliyenipenda, na kule Yamumbi kulikuwa na mtu mwingine niliyemfunga mimi.

Mwezi mzima ulipita hivyo. Kisha siku moja tulikuwa na kazi ya kuziba nyufa za nyumba jirani na pale, na Fundi akasema tumpelekee Mama Tabitha unga. Tulimkuta ameketi mlangoni pa kibanda, amefunga kitambaa kipya kichwani. Hakupokea unga kwanza. Aliuliza.

"Fundi, hiyo mabati ni ya nani?"

Fundi akafikiria. "Ni ya kanisa, Mama. Mpaka siku ya kufungua. Na haijafunguliwa."

"Na mabanzi?"

"Pia."

"Basi toeni. Mimi naenda Kapseret kwa dada yangu. Amenipatia mahali."

Fundi Barnaba alitoa penseli sikioni, akaiangalia, akairudisha. Nilidhani atakataa. Alikuwa na mke na watoto Turbo, na sauti ya yule naibu sidhani kama ilikuwa imemtoka masikioni. Mwishowe akasema, "Mchungaji alikataza turudi kwa naibu wa chifu. Hakukataza turudi kwa paa."

Tulikwenda Jumanne asubuhi, jua limewaka vizuri. Wekesa alikuwa ameazima trekta na trela kwa mkulima mmoja muumini. Nikapanda juu na kuanza kung'oa misumari niliyoipiga kwa mkono wangu mwenyewe. Msumari wa mabati hutoka kwa kelele, kama mtu anayeng'olewa jino. Yule mke mdogo akatoka nje, akasimama chini yangu, mkono tumboni.

"Sasa mimi nitalala wapi?"

Yeye naye aliwekwa pale na mtu mwingine, sidhani kama aliulizwa. Nilishuka nikamsaidia kutoa kitanda na vyombo kabla ya mabati mengine kushuka, tukavipeleka kwa mama mkwe wake. Tulibeba kitanda kila mtu upande wake bila kuangaliana. Nikarudi juu.

Mzee Zakayo alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, kisha akamtuma kijana wake mbio kwa naibu wa chifu. Nusu ya paa ilikuwa imeshuka naibu wa chifu alipofika na askari wawili.

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni mimi," akasema Fundi Barnaba.

"Una kibali cha huu mkutano?"

"Huu si mkutano, mzee. Ni kazi."

"Mshikeni."

Nilikuwa nimekalia boriti ya juu, nyundo mkononi. Nilijua ni mimi niliyewaleta wote pale, tangu ile siku ya managu. Nilifungua mdomo niseme. Nikaufumba. Nilikaa huko juu nikaangalia askari wakimshika Fundi mikono, na yeye akiwapa mikono hiyo kwa adabu.

Ndipo Mama Tabitha akatoka kibandani, amebeba furushi lake mgongoni.

Alimwambia Zakayo maneno ya Kikalenjin ambayo sikuyaelewa yote. Kisha akageuka kwa naibu wa chifu na kusema kwa Kiswahili, polepole, ili hata sisi tusikie.

"Mimi ndiye nimewatuma. Shamba nimewaachia. Ng'ombe nimewaachia. Hiyo mabati hakununua mtu wa hapa. Kama ni makosa, mimi ndiye mnashika."

Kwenye ua walikuwa wamejaa akina mama wa jirani, wengine na watoto migongoni. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja tu, mzee kuliko wote, akasema, "Ndio. Mshikeni tuone."

Naibu wa chifu aliwaangalia wale akina mama. Akamwangalia Mama Tabitha na furushi lake. Akapiga buti yake kwa fimbo.

"Malizeni mwende. Lakini huyu naenda na yeye."

Wakaondoka na Fundi Barnaba. Tukamaliza. Mama Tabitha alikaa mbele kwenye trekta na hakugeuka nyuma hata mara moja, wala mimi sikumwona akilia.

Fundi aliachiliwa siku ya tatu. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtoa, baada ya kutugombeza mpaka akaishiwa na maneno. Fundi alirudi mashavu yameingia ndani, na alichoomba ni maji ya moto. Juma lililofuata akaenda Kapseret kupima msingi. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko ile, chumba na jiko. Matundu ya misumari ya zamani Wekesa aliyaziba kwa lami, moja moja.

Mimi sikuwako. Mchungaji alinitoa kwenye kikundi akaniweka jikoni kwenye boma la kanisa, na huko nilikaa mpaka mwisho. Miezi mitano ya kusonga ugali nikiangalia lile kufuli. Wengine wakitoka asubuhi na nyundo, mimi nawafungia chakula. Nadhani ndipo nilipoanza kuacha milango wazi.

Siku ya mwisho nilipewa nauli na cheti. Badala ya kwenda steji moja kwa moja, nilitembea hadi Kapseret. Mama Tabitha alikuwa anaanika mahindi. Tulikaa nje. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba zile siku tano nilizomshikia ndama, nilikuwa nataka likizo. Kwamba nilimwahidi kitu ambacho sikuwa nacho. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, yakaniishia.

Alikuwa akigeuza mahindi kwa kiganja. Hakuacha.

"Nilijua," akasema. "Msichana hawezi kuacha rafiki zake akae na mimi juma mzima bure."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Nilichoka kulinda nyasi."

Hilo tu. Akaniuliza kama nimekula.

Aliishi katika nyumba ile hadi alipofariki, akiwa mzee sana, na dada yake akibisha mlangoni kila asubuhi. Mimi nikawa mwalimu, Serikali ikanileta tena Eldoret kana kwamba inanitania, na nilimtembelea mara nyingi. Hatukurudia mazungumzo yale. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Kuna siku naamini kwamba nilimtoa kwenye kifungo. Siku nyingine, kama leo, naona nilimtumia kujitoa mimi, na bahati yake ndiyo iliyofanya mengine.

Nimefundisha watoto wa watu hadi nikastaafu. Mara nyingi nimekutana na mtu anayesema hapana, asante, niache tu hivi nilivyo. Na kila mara nimesikia ile sauti yangu ya miaka kumi na tisa ikianza, laini, yenye huruma: unaogopa nini?

Ni mara ngapi nilingoja jibu mpaka mwisho?